Seti ya LM317 ya kujiundia pawa saplai: nimejenga tatu hapa Mtwara, haya ndiyo niliyoyaona

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara mjini. Kuna jaribio la potensiometa, la kupima volti za seli kwa urefu wa waya, ambalo kila mwaka lilikuwa likiniumiza kichwa. Waya wa sentimita 100 unakazwa juu ya ubao wenye rula, betri inapitisha umeme kwenye waya huo, na mwanafunzi anatelezesha kigusio polepole mpaka sindano ya galvanometa isimame kwenye sifuri. Iliposimama ndipo penye jibu. Sharti lake ni kwamba betri inayolisha waya isishuke nguvu kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho.

Zetu zilikuwa zinashuka. Betri mbili kubwa za tochi, hata ziwe mpya, ukizitoza nusu ampea mfululizo hazivumilii. Kundi linalokaa dirishani lilianza kipindi kwa kupata sentimita 74.3. Dakika ishirini baadaye, kwa seli ileile iliyokuwa inapimwa na mikono ileile, wakapata 77.0. Binti mmoja akaniuliza, "Madam, sasa tuandike ipi?" Nikamwambia aandike zote mbili. Jioni yake nikashuka mjini kutafuta kitu ambacho volti zake hazitembei.

Pawa saplai ya maabara iliyokwisha kuundwa kiwandani, kwa bei niliyotajiwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, ingemaliza fungu letu la mwaka. Ndipo nikaingia kwenye duka dogo la vipuri karibu na Soko Kuu, upande wa Chikongola. Ni duka la kijana mmoja anayeuza rimoti, waya, spika za redio na vipuri vya mafundi, vyote vimepangwa kwenye vikopo vya plastiki vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mzigo wake unakuja na basi kutoka Kariakoo. Nilipomweleza shida yangu hakukimbilia kuniuzia. Aliuliza, "Mwalimu, unataka volti ngapi, na ampea ngapi, kwa muda gani?" Sijawahi kuulizwa maswali hayo matatu na muuzaji yeyote, na kwa hayo tu nilijua nimefika.

Alinionyesha vitu viwili. Cha kwanza ni kibao kidogo cha sakiti chenye aisii (chipu) ya LM2596, ambacho kinakata umeme vipandevipande mara 150,000 kwa sekunde na kuusawazisha tena. Hakichemki sana na bei yake ni ndogo. Kama unataka kuchaji simu kutoka kwenye betri ya gari au kuwasha taa za LED, chukua hicho, usisome zaidi. Mimi nilichagua cha pili, seti ya kuunganisha mwenyewe yenye LM317, aisii inayoshikilia volti zisiyumbe, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho na kuniambia kila kipande kinafanya nini. Maabara ni darasa, na kifaa nacho lazima kifundishe.

Seti ilikuwa shilingi 18,000, transfoma ya volti 12 ampea 1 shilingi 14,000 pembeni. Ndani ya kifuko kuna bodi yenye matundu, dayodi nne za 1N4007 za kugeuza umeme na mbili za ulinzi, kapasita kubwa ya mikrofaradi 2200 volti 25, kapasita ndogo tatu, rezista ya omu 240, voliyumu (rezista ya kuzungusha) ya kilo-omu 5, bati dogo la kupozea, na LM317 yenyewe. Hakuna jina la kiwanda popote. Karatasi ya maelekezo ni ya Kichina, lakini mchoro unasomeka na bodi imeandikwa vizuri, chanya na hasi ya kila kapasita inaonekana. Hapo sina lalamiko.

LM317 ni kazi ya Bob Dobkin wa kampuni ya National Semiconductor huko Marekani, mwaka 1976. Imenizidi umri, na bado inauzwa kwenye vikopo vya Chikongola, jambo ambalo linanipa heshima kubwa kwa aliyeibuni. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba niliiandika ubaoni ikaeleweka kwa kipindi kimoja. Aisii inahakikisha kwamba kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia daima kuna volti 1.25. Weka rezista ya omu 240 hapo katikati, na miliampea 5.2 zitapita. Miliampea hizohizo zinateremka kupitia voliyumu hadi kwenye hasi. Kwa hiyo kila omu 100 unazoongeza kwenye voliyumu zinakuongezea takribani nusu volti. Ukiishika hiyo, umeishika sakiti nzima.

Kuunganisha kulinichukua saa mbili na nusu, Jumamosi, nyumbani Shangani. Tahadhari moja kwa waliozoea 7805, aisii ya volti 5 zisizobadilika: miguu haifanani. Ukiitazama 7805 usoni, kushoto ni kuingilia, katikati hasi, kulia kutolea. LM317 kushoto ni kurekebishia, katikati kutolea, kulia kuingilia. Na lile bati la mgongoni, ambalo kwenye 7805 ni hasi, kwenye LM317 limeungana na kutolea. Ukilikaza moja kwa moja kwenye chuma cha boksi kilichounganishwa na hasi, umepiga shoti. Seti haikuja na kipande cha maika wala bushi ya plastiki ya kutenganisha. Nilirudi dukani Jumatatu, kijana akanipa vyote viwili bila kudai hela, akasema vilitakiwa viwemo.

Niliwasha. Bila mzigo, baada ya dayodi, mita ilisoma volti 18.2. Transfoma ndogo zina tabia hiyo, zikiwa hazina kazi zinapanda juu ya kilichoandikwa. Nikazungusha voliyumu, volti zikashuka hadi 1.25 na kupanda laini kabisa. Nikaweka 6.00, nikafunga balbu ya tochi, ikabaki 6.00. Nikaongeza balbu ya pili. 5.99. Nilikaa naitazama ile mita kwa muda kuliko ilivyohitajika, kwa furaha.

Tatizo la kwanza lilijitokeza maabara. Niliiweka volti 2, nikafunga waya wa potensiometa, nusu ampea ikapita. Dakika nne hivi, ikazima. Ikawaka. Ikazima tena. Nilidhani nimelehemu vibaya, nikarudia viungio vyote, ikawa vilevile. Siku iliyofuata nikaichukua hadi Mikindani kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye alikuwa anatengeneza redio za mbao wakati mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, umeniletea mgonjwa gani?" Aliiwasha, akaloanisha ncha ya kidole kwa mate, akaligusa bati kidogo tu. Likalia chwii. "Hiki hakijafa," akasema. "Kinajiokoa."

Alikuwa sahihi, na hesabu ilinipa aibu kwa sababu naifundisha. Umeme unaingia kwenye aisii ukiwa na volti kama 14.5 chini ya mzigo, unatoka ukiwa na 2. Volti 12.5 zinazobaki, zikizidishwa kwa nusu ampea, ni wati 6 na kitu za joto tupu ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Bati la kupozea lililokuja na seti ni la sentimita mbili kwa mbili. Halitoshi, na kwa joto la Mtwara mwezi wa Januari madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia upepo usiyumbishe vigusio, halikaribii kutosha. LM317 ina kinga yake ya ndani, ikizidiwa na joto inajizima, ikipoa inarudi. Ndiyo maana haikuungua.

Kifuko kimeandikwa "1.5A". Aisii yenyewe ina uwezo huo kweli, lakini transfoma ya ampea 1, dayodi za ampea 1 na lile bati havina. Ningependa muuzaji abandike karatasi yake mwenyewe juu ya kifuko: nusu ampea, tena kwa bati kubwa. Nilimwambia hivyo na alisikiliza.

Bati nililipata kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Vile vipande vya fremu wanavyovikata na kuvitupa ni vya bure ukiomba kwa adabu. Nilichukua cha sentimita 15 chenye mbavu ndani, nikatoboa tundu, nikaweka maika, grisi nyeupe kidogo ya kupitisha joto, bushi, nikakaza. Imefanya kazi kipindi kizima cha dakika 80 kwa volti 2 na nusu ampea bila kuzima. Ni ya moto, lakini mkono unavumilia.

Tatizo la pili ni voliyumu ya kilo-omu 5, na hili ndilo linaloniudhi zaidi maana halikuwa na sababu. Kupata volti 2.00 unahitaji omu 144 tu. Kwenye voliyumu ya omu 5000 hiyo ni kama asilimia tatu ya mzunguko wote, unyoya wa kidole. Unagusa, umepita. Unarudisha, umepita tena. Wakati huohuo sehemu ya juu ya mzunguko imekufa, kwa sababu kwa hesabu ingefika volti 27 na transfoma ya 12 haina pa kuzitoa. Kwa nini basi wanaiweka? Nimetoa, nimeweka ya kilo-omu 2 ikifuatana na ya omu 500. Kubwa inakupeleka jirani, ndogo inakufikisha mlangoni. Zote mbili zilinigharimu shilingi 2,000. Kwa saplai ya potensiometa peke yake niliweka ya omu 500 tu: inaanzia 1.25 na kuishia kama 3.85, na hakuna mwanafunzi atakayeweza kupandisha volti 12 kwenye waya wangu kwa bahati mbaya.

Umeme wa jioni ulinifundisha jambo jingine. Nyumbani nilikuwa natumia seti ya pili kwa redio ya mama inayokula volti 9. Mchana safi, sauti imetulia. Inapofika saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha pasi na majiko, redio inaanza kuvuma mvumo mzito chini ya taarifa ya habari. Nilipima ukutani, volti 190 badala ya 230. LM317 inahitaji kama volti mbili za ziada juu ya unachotaka itoe, yaani kwa 9 inahitaji 11 muda wote, hata pale kapasita inapopungua kati ya wimbi na wimbi. Kwa umeme wa 190, mabonde ya mawimbi hayo yanashuka chini ya 11, na kila yanaposhuka redio inayasikia, mara 100 kwa sekunde. Kwa volti 6 hali ile haikutokea kabisa: ukuta ulisoma 190, saplai ikasoma 6.00. Kwa hiyo maandishi ya kifuko yanayosema "hadi volti 12" kwa transfoma ya 12 siyakubali. Bila mzigo, ndiyo. Ukiweka mzigo wa nusu ampea, hata umeme ukiwa kamili, haifiki.

Dawa ni transfoma ya volti 15, na pale dukani ilikuwa shilingi 17,000. Lakini msikimbilie. Transfoma ya 15 bila mzigo inapanda, na kapasita inaweza kukuta volti 24, au zaidi siku umeme ukiwa juu. Kapasita ya seti imeandikwa 25. Hiyo ni kuishi ukingoni, na kapasita ya namna hii ikipasuka inapasuka kwa kelele. Badilisha iwe ya volti 35 kabla hujawasha. Na ukumbuke kwamba volti zinazoongezeka kuingilia zinageuka joto ukitumia volti ndogo. Kwa hiyo mimi nina ya 15 kwa redio ya mama, na za 12 kwa maabara.

Katika seti tatu nilizonunua, moja ilikuwa na aisii mbovu: volti zilizoingia ndizo zilizotoka, voliyumu haikuleta tofauti. Nilirudi nayo dukani nikiwa nimejiandaa kubishana. Kijana hakubisha. Alichomoa nyingine kwenye kopo, akaifunga kwenye kibao chake cha kujaribia palepale kaunta, akanionyesha mita, "Mwalimu, soma mwenyewe," ndipo akanikabidhi. Tangu hapo naomba kila aisii ijaribiwe kabla sijalipa, na hajawahi kununa.

Upande wa volti 230 ndio ambao seti haiugusi kabisa, na hapa nazungumza kama mtu anayekabidhiwa watoto wa wenzake. Hakuna fyuzi, hakuna boksi, hakuna swichi. Waya wa ukutani unaingia kwenye transfoma ikiwa wazi mezani. Msiitumie hivyo hata kwa dakika ya kujaribu, hasa pakiwa na mwanafunzi. Nilinunua kontena za plastiki ngumu za chakula, nikatoboa matundu ya hewa, nikaweka fyuzi ya miliampea 250 kwenye waya wa moto kabla ya transfoma, nikafunga fundo la waya ndani ili ukivutwa usichomoke, na kuvisha viungio vyote mpira. Bati la kupozea limetokeza nyuma. Wanafunzi wanaunganisha upande wa volti ndogo tu, na kifuniko kina skrubu ambazo bisibisi yake ninayo mimi.

Jingine ni chumvi. Sisi wa Shangani tunajua, upepo wa bahari unakula kila kitu, waya mwekundu wa shaba unageuka kijani kabla ya mwaka. Upande wa chini wa bodi, baada ya kuusafisha kwa spiriti, nimeupaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili. Miezi saba sasa, viungio bado vinang'aa.

Na matokeo? Jaribio lilelile, kundi la dirishani: 74.2, 74.2, 74.3. Kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ilipita karibu saa nzima. Yule binti hakuwa na swali la kuandika ipi. Aliuliza kubwa zaidi: "Madam, kwa nini betri inashuka na hii haishuki?" Kipindi kilichofuata tulikitumia kwa swali hilo peke yake, na nilitoka darasani nikiwa na furaha niliyoikosa muda mrefu.

Walimu wenzangu, angalizo moja. Msiitumie kwenye jaribio la kutafuta ukinzani wa ndani wa seli. Pale betri ndiyo inayochunguzwa, kushuka kwake ndiko tunakokutafuta. Ukiweka hii badala yake, mwanafunzi atapata karibu na sifuri na hutakuwa na la kumfundisha. Betri za tochi bado zina kazi yake.

Gharama yangu kwa kila moja ya maabara, pamoja na voliyumu, fyuzi, kontena na plagi, ilifika shilingi 41,000 na kidogo. Seti yenyewe naipa tatu na nusu kwa tano: vipuri ni vya kweli, bodi ni nzuri, lakini bati ni dogo, voliyumu si yake na maandishi ya kifuko yanaahidi kupita uwezo. Duka nalipatia tano kamili.

Ukienda, usinunue kifuko na kuondoka. Mwombe voliyumu ya kilo-omu 2 na ya omu 500 badala ya ile ya 5, kapasita ya volti 35, maika na bushi, na mwambie aijaribu aisii mbele yako. Ijumaa anafunga saa sita kwa ajili ya swala na kufungua tena saa nane. Bidhaa mpya huwa anazipanga Jumanne asubuhi, mzigo ukishashuka kwenye basi.